Umaskini Juu ya Kochi la Kuazima

Shangazi yangu alinipigia simu siku ya soko, akipaza sauti kama kawaida yake, kwa sababu anaamini Mbeya ni mbali na maneno lazima yasukumwe ndipo yafike.

"Baba, njoo. Wanakuja kutupima umaskini."

Ananiita baba kwa kuwa nimerithi jina la babu. Nilikuwa dukani kwangu, mtaa wa Soweto, ambako nauza vipuri vya pikipiki, na mbele yangu alikuwepo mteja aliyenuna kwa sababu ya bei ya cheni. Nikamwuliza shangazi huo umaskini wanaupimaje. Akasema hajui, mwenyekiti wa kitongoji hakueleza vizuri, ila kulikuwa na jambo moja alitaka kulifahamu kutoka kwangu mtu wa mjini: je, siku hiyo mtu anatakiwa asile kitu asubuhi, kama kule kwenye kipimo cha sukari?

Nilicheka mpaka mteja naye akacheka bila kujua anachekea nini. Nikamwambia shangazi ale tu. Baadaye nilijuta kwa nini sikumwambia asile.

Si kwamba kupima umaskini ni jambo geni kwetu. Pale mtaani tunapimana kila siku, tena bure. Mke wangu hupima kwa mashuka yaliyoanikwa kambani. Mama mkwe wangu, Mnyakyusa wa Tukuyu, hana kipimo kingine isipokuwa ndizi: nyumba isiyokuwa na mkungu jikoni, kwake ni nyumba ya kuombewa, hata kama uani pameegeshwa gari. Mimi hupima kwa tairi la nyuma. Mtu akiniletea tairi lililobaki nyuzi tupu na kuniuliza kama linaweza kufika hata Jumapili, sihitaji kumwuliza habari za nyumbani. Na shangazi ana kipimo chake kimoja tu, nacho ni namna mgeni alivyoondoka. Mgeni akitoka kwako ameshiba na amekaa pazuri, basi wewe si maskini, mengine yote ni porojo za watu. Kipimo hicho ndicho kilichotutia kwenye matatizo.

Niseme kabisa tulichokuwa tunakitaka. Shangazi alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili. Kaya ambazo zingeonekana ni maskini zingeingizwa kwenye mpango wa serikali, na kila kaya ingepewa kadi ya bima ya afya bila malipo, na kwa kadi ile angefanyiwa upasuaji. Daktari alishamwonya asiendelee kuchelewa. Mimi nilikuwa nimejitolea kulipia, na kila nilipojitolea nilijibiwa kwamba ada za watoto wangu zitangulie, macho ya bibi kizee yatafuata. Huwezi kubishana naye. Yeye ndiye aliyenilea baada ya mama yangu kufariki, na alinilea kwa utaratibu huo huo: anaamua yeye, mnatekeleza ninyi.

Kadi aliitaka. Tena aliitaka sana. Alichokikataa ni kuitwa maskini, na aliona mambo hayo mawili hayana uhusiano wowote.

Kutoona kwake kulikuwa kumefika mahali pa kuchekesha na kuogopesha kwa pamoja. Asubuhi moja nilimkuta analisalimia koti langu lililoning'inia kwenye msumari. "Kamwene," akaliambia, kwa heshima zote, kisha akakasirika kwamba halikuitikia. Alishatia chumvi kwenye chai. Alishamtishia kwa fimbo mwinjilisti wa kanisa lake la Kilutheri akidhani ni mbuzi wa jirani, na mwinjilisti, ambaye ni mtu mwembamba mwenye ndevu za kidevuni, hakufurahi alipoelezwa sababu. Tulicheka wote, yeye mwenyewe akiongoza. Lakini nilimwona pia akipapasa ukuta kutafuta mlango wa nyumba yake mwenyewe, na hapo sikucheka. Niliogopa.

Basi nikafunga duka, nikapanda basi hadi Mafinga, nikachukua bodaboda kuingia kijijini huku malori ya mbao yakitupulizia vumbi na baridi ikinipenya hadi kwenye meno. Nilimkuta shangazi anafagia uwanja ambao tayari ulikuwa umefagiliwa.

Kitongoji chenyewe ni nyumba chache zilizopangana kwenye mteremko mmoja, misonobari kwa nyuma, mianzi ya kugema pombe ya ulanzi kwa pembeni. Shangazi yuko chini kabisa, karibu na barabara. Juu kabisa anakaa mwanamke tunayemwita Mama wa Juu, kwa sababu hiyo hiyo ya kukaa juu. Huyu ni mjane mwenye mwili na sauti, aliyefanya kazi kwenye bustani ya miche ya miti hadi alipostaafu. Ana shamba la misonobari, ana nguruwe, na ana mtoto wa kiume anayefanya kazi Mgololo, kwenye kiwanda cha karatasi. Huyo mwanawe ndiye aliyemchongeshea makochi kwa mafundi wa Mafinga: moja kubwa la kukaa watu watatu, na madogo mawili, yote ya kitambaa cha rangi ya kahawia chenye maua.

Makochi ni yake, lakini mara nyingi hayako kwake. Mgeni wa maana akija kwenye nyumba yoyote ya mteremko ule, makochi humfuata. Watu hubeba kichwani, na pamoja nayo huja ile chupa kubwa ya chai, vitambaa vya kufuma vya kutandika kwenye migongo ya makochi, na saa ya ukutani. Wakija washenga, makochi yanashuka. Akija mchungaji, yanapanda. Hakuna anayeomba wala anayeshukuru, unapeleka habari tu kwamba una mgeni. Hata mimi nilipompeleka mke wangu kwa mara ya kwanza tulikalishwa juu ya makochi yale, na mke wangu alirudi Mbeya akiwaambia ndugu zake kwamba tunakotoka si haba. Sikumsahihisha mapema.

Jioni ile nilipoona chupa ya chai imeshateremshwa, nikajua kinachofuata.

"Shangazi, hawa wanakuja kuona mnavyoishi. Acha nyumba ilivyo."

"Ilivyo vipi?"

"Ilivyo. Mkeka na kigoda, basi."

"Mtoto wa watu atoke Iringa mjini na baridi hii, aje akalie kigoda changu kile kinachochoma?"

"Sasa shangazi, si ndiyo umaskini wenyewe huo anaoutafuta?"

"Basi autafute akiwa amekaa vizuri," akasema, na mazungumzo yakawa yamekwisha.

Habari zilikuwa zimeshafika kutoka kitongoji cha jirani kwamba mpimaji ni binti, ana adabu, na anavaa ushungi. Shangazi akafikiri, akamkamata kuku wake, yule wa mwisho aliyekuwa bado anataga, akanituma nimpeleke kwa muuza duka wa njia panda, ambaye ni Mwislamu, amchinje yeye, ili mtoto ale bila wasiwasi. Mama wa Juu naye, kwa heshima ile ile, akawaswaga nguruwe wake wote bondeni na kuwafunga huko, binti wa watu asije akapishana nao mlangoni. Nilisimama uwanjani na kuku wangu mkononi, nikiangalia nguruwe wanavyoteremka wakilalamika, nikajisemea kwamba hawa watu hawapimiki.

Asubuhi akaja binti pamoja na mwenyekiti wa kitongoji. Alikuwa kijana mdogo, buti za mvua miguuni, kishikwambi mkononi kimefungwa ndani ya mfuko wa nailoni kwa ajili ya manyunyu. Akatoa shikamoo kwa kila mtu, mpaka kwangu, jambo lililonikumbusha umri wangu. Shangazi alimkalisha kwenye kochi kubwa. Chumba kile kilikuwa kimejaa makochi kiasi kwamba mwenyekiti alibaki amesimama mlangoni, mguu mmoja ndani na mwingine nje.

Binti akaanza maswali. Paa la nini? Bati. Sakafu? Udongo, lakini shangazi akaongeza kwamba imesiribwa vizuri, aandike hivyo. Kisha akafika kwenye chakula.

"Mama, katika siku saba zilizopita, hapa nyumbani mmekula nyama, au kuku?"

"Hee, mwanangu, husikii harufu? Kuku iko jikoni."

Binti akabonyeza.

"Na kuna siku yoyote mmekosa chakula, au mmekula kidogo kwa sababu hakikutosha?"

"Hapana. Tunamshukuru Mungu."

Nikakohoa. Nilikuwa nimefungua debe lake la unga usiku, nikaona lilivyo.

"Baba, kama una kifua kakohoe nje," akasema shangazi bila kunigeukia. "Andika mwanangu, tunakula vizuri."

"Kuna maparachichi, mama? Matunda mengine?"

"Parachichi si chakula. Parachichi inaanguka yenyewe."

Binti akapumua, akabonyeza tena. Akahesabu makochi kwa macho: moja, mawili, matatu. Akaitazama saa, akaitazama chupa ya chai. Nilimwona anavyoandika, na kila kidole chake kilivyogusa kile kioo nilihisi kadi ya bima inasogea mbali kidogo. Alikataa kula, akasema utaratibu hauruhusu. Shangazi akamwambia kwamba huyo utaratibu akija naye atakula. Binti wa watu alikula, na alikula vizuri, na shangazi alikaa mkabala naye akisikiliza anavyotafuna, uso umemng'aa kwa furaha. Ndani ya kipimo chake mwenyewe alikuwa tajiri kuliko mtu yeyote wilayani.

Mpango wa mteremko ulikuwa hivi: binti akiaga, mwenyekiti amcheleweshe kwa maneno pale barabarani, na sisi tupitishe makochi kwa njia ya nyuma, kwenye mianzi, tuyafikishe nyumba ya pili kabla yake. Wabebaji tulikuwa mimi na mzee wa nyumba ya pili, mtu mkimya mwenye nguvu kuliko anavyoonekana. Tulivuka salama. Kwake yalipangwa vile vile, vitambaa vikatandikwa, saa ikatundikwa, mke wake akamimina chai. Binti alipoingia alisita kidogo, akayaangalia maua ya makochi, akasema, "Huku mna fundi mmoja mnampenda." Mwenyekiti akajibu kwamba naam, fundi ni hodari. Yakaandikwa tena. Nyumba ya tatu yakaandikwa tena. Kwa hesabu za kile kishikwambi, mteremko ule ulikuwa na makochi kuliko hoteli.

Ilipangwa kwamba Mama wa Juu awe wa mwisho, makochi yamkute kwake nyumbani. Lakini hakuna aliyefikiria mtandao. Baada ya nyumba ya tatu kishikwambi kikagoma kutuma majibu, na mwenyekiti, kwa kutaka kusaidia, akamwambia mtandao uko juu kule, kwa Mama wa Juu, pale ndipo sote tunapopigia simu. Binti akapanda moja kwa moja, bila kucheleweshwa na mtu. Mimi na mzee tulikuwa bado katikati ya mianzi, kochi kubwa vichwani, tukipanda taratibu tukijua tuna muda. Tulipofika nyuma ya jiko la Mama wa Juu tukasikia sauti ya binti tayari iko sebuleni.

Hatukuweza kwenda mbele, hatukuweza kurudi. Tukaliteremsha kochi kwenye mianzi, na kwa kuwa tulikuwa tumechoka, tukalikalia. Kwa hiyo nilimsikiliza mwenye mali akipimwa umaskini nikiwa nimekaa juu ya mali yake.

Alimkaribisha binti kwenye ndoo iliyopinduliwa, maana hakukuwa na kingine. Akamwomba radhi kwa ukali, kama vile kosa ni la binti. Akaulizwa mifugo. Nguruwe hakuweza kuwataja mbele ya ushungi ule, ilikuwa aibu, akasema ana kuku kidogo. Akaulizwa ardhi, na akajibu kama anavyojibu mtu yeyote wa kwetu mwenye ardhi nyingi: "Kijishamba tu, mwanangu." Akaulizwa amekula nini leo.

"Leo?" akasema Mama wa Juu, ambaye tangu alfajiri alikuwa akipishana na mizigo na kupika kwenye majiko ya wenzake. "Sijatia kitu mdomoni tangu kuche!"

Na sauti ilimtetemeka kwa uchungu wa kweli. Mzee akanigeukia pale kwenye kochi. Akatikisa kichwa tu, taratibu.

Nilirudi Mbeya. Wiki kadhaa zikapita, shangazi akapiga simu tena kwamba mkutano wa kijiji umeitishwa, majina yatasomwa, na nikaja, kwa sababu nilitaka kuwa karibu naye wakati atakapokosa. Nilijua atakosa.

Mkutano ulikuwa uwanjani mbele ya ofisi ya kijiji, watu wa vitongoji vyote wamekaa kwenye nyasi na magogo. Afisa kutoka wilayani alieleza kwamba kila mwenye neno kuhusu jina lolote aliseme hapo hapo. Akasoma. Vitongoji vingine vilikuwa na majina yao. Alipofika kwetu akasoma jina moja tu, akafunga karatasi. Lilikuwa jina la Mama wa Juu.

Kwanza kilikuwa kicheko, kile cha kawaida cha mkutanoni. Mimi mwenyewe nilicheka, sikuweza kujizuia. Mama wa Juu alisimama mikono kiunoni. "Mimi? Mimi maskini? Nani kasema?" Watu wakazidi kucheka. Lakini mtu mmoja wa kitongoji cha ng'ambo akasimama, na huyu hakuwa anacheka. Akasema kwamba mama yule ni mjanja, kwamba aliwaona nguruwe wake wamefungwa bondeni siku ile ile ya kupimwa, kwamba makochi yake ya Mafinga kila mtu anayajua, na siku ile yalifichwa. Amewaibia wajane wa kweli nafasi yao. Akasema neno mwizi.

Kicheko kikakatika. Afisa akamgeukia Mama wa Juu.

"Mama, ni kweli nguruwe waliondolewa?"

"Kweli."

"Na makochi? Siku ile makochi yalikuwa wapi?"

Mama wa Juu alifungua mdomo. Namfahamu mwanamke yule tangu nikiwa mtoto, hajawahi kukosa la kusema. Kwaya ya parokia yao inamsikia yeye kwanza ndipo inawasikia wengine. Akaangalia upande tuliokaa sisi, watu wa mteremko. Akaufunga mdomo. Kusema makochi yalikuwa wapi ilikuwa sawa na kumwonyesha kila mtu pale uwanjani vyumba vyetu vilivyo vitupu. Alisimama vile vile, jasho likimtoka kwenye baridi, akakubali kuitwa mwizi.

Nikamwinamia shangazi. Kwa siku mbili nilikuwa nimemsihi kwamba majina yakisomwa asimame aseme ukweli, aseme kwa ajili ya macho yake. Alikuwa amenijibu kwamba afadhali awe kipofu kuliko kusimama mbele za watu kuhesabu asichokuwa nacho. Sasa niliona ameshika bega langu. Nikadhani anataka tuondoke. Alikuwa anajiinua.

"Makochi yalikuwa kwangu," akasema.

Alisema kwa sauti ile ya kwenye simu, ya kufika Mbeya. Watu wote wakageuka.

"Mimi niliyachukua kwa sababu mgeni anakuja na mimi sina kiti. Nina kigoda kimoja na kinachoma. Saa si yangu. Chupa ya chai si yangu. Ile kuku aliyoandika yule mtoto, ilikuwa moja na ndiyo ile tuliyokula. Aliniuliza kama nakosa chakula nikasema hapana. Nilisema uongo. Kuna siku nakunywa uji naenda kulala. Na macho yangu hayaoni." Akapumua. "Huyu mama hajaficha kitu. Alitusitiri sisi. Msimwite mwizi. Maskini ni mimi."

Yote hayo aliyasema akiuelekea mlingoti wa bendera, akidhani ndiye afisa. Hakuna aliyecheka. Afisa, namsifu kwa hilo, alitembea kimyakimya akaenda kusimama mbele ya mlingoti, akamwambia kutoka hapo, "Nimekusikia, mama."

Kisha mzee wa nyumba ya pili akasimama, mtu ambaye sijawahi kumsikia akisema maneno kumi mfululizo. "Na kwangu yalifika," akasema, akakaa. Mwanamke wa nyumba ya tatu akasimama. Mama wa Juu akaanza kulia kwa sauti, akiwatukana wote kwa nini wamesema, nani aliwatuma, makochi ni yake na angejua mwenyewe la kujibu.

Binti alirudishwa kupima upya, safari hii bila taarifa, na shangazi alinilalamikia kwenye simu kwa muda mrefu kwamba mtoto wa watu alikaa kwenye kigoda na kupewa chai ya rangi bila kitafunwa, aibu gani hiyo. Kadi ilitoka. Jicho la kulia lilifanyiwa upasuaji, la kushoto likafuata. Alipofunguliwa bandeji nilikuwa nimesimama mbele yake, nimevaa shati langu zuri kwa ajili ya tukio hilo. Alinitazama kwa makini kuanzia juu hadi chini, akaniambia nimenenepa vibaya.

Lakini ninachokikumbuka zaidi ni jinsi tulivyorudi nyumbani siku ile ya mkutano. Wengine walikuwa wametangulia. Nilimshika mkono kwa sababu njia ina mizizi, na tulipofika kwenye misonobari nikagundua kwamba analia, kimyakimya, machozi yanateremka kwenye macho yale yasiyoona. Shangazi halii ovyo. Nilikuwa nimejiandaa kumpongeza, nikaishia kupunguza mwendo tu.

"Sasa wamenijua," akasema.

"Shangazi, si walikuwa wanakujua siku zote? Si ndio hao hao wanaokubebea makochi?"

Akajifuta uso kwa ncha ya kitenge.

"Najua walikuwa wanajua, baba. Lakini mimi nilikuwa sijawaambia."